Ngitili Zetu Zinakatwa Vipande: Barua ya Wazi kwa Wenyeviti wa Vijiji vya Shinyanga

Waheshimiwa wenyeviti,

Nawaandikia mwishoni mwa Oktoba, mwezi ambao maksai wa mkoa wetu unaweza kuwahesabu mbavu ukiwa ng'ambo ya barabara. Mawingu yanajikusanya jioni, usiku yanatawanyika. Mvua ya kwanza ikidondoka kila kaya itataka kufunga plau siku hiyohiyo, na kaya nyingi hazitaweza, kwa kuwa maksai hawatakuwa na nguvu ya kuivuta. Mwenye maksai dhaifu husubiri majani mapya yaote, wanyama wale, wanenepe kidogo, ndipo alime. Kufikia hapo zimepita wiki tatu. Katika mkoa unaopata milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka, na mvua yenyewe ikiwa na tabia ya kukatika katikati ya msimu, wiki tatu zinatosha kumfanya mtu ale au alale njaa.

Nimeanza na maksai kwa makusudi. Siku hizi neno ngitili likitajwa mkutanoni, watu wanafikiria miti, mazingira, wageni waliokuja na gari kupiga picha. Wazee waliotuachia jambo hili walikuwa wakifikiria ndama, ng'ombe wa maziwa na mnyama wa kulimia. Mvua zinapoanza eneo linafungwa, majani yanakua bila kuguswa, yanakauka yakiwa yamesimama. Mwezi wa saba au wa nane linafunguliwa sehemu baada ya sehemu, na wanaotangulia kuingia ni wale wasioweza kutembea mbali: ndama, wanaokamuliwa, wagonjwa, na maksai. Novemba inapofika plau ina wa kuivuta. Kwa mkulima wa Kisukuma ngitili ilikuwa zana ya kilimo kama jembe lilivyo zana, na ninawaomba muisome barua hii mkiwa na wazo hilo kichwani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa upande ambao leo ni wilaya ya Kishapu. Sina cheo kijijini na sikugombea. Nyinyi mlichaguliwa Novemba 2024, wengi wenu mkiwa vijana wa umri wa wanafunzi wangu, na wengine ni wanafunzi wangu kweli. Mlizaliwa wakati vilima vimeanza kurudi kijani, kwa hiyo mnaweza kudhani vilikuwa hivyo siku zote. Mimi nilivikuta vipara.

Upara huo ulikuwa na historia. Miaka ya 1920 serikali ya mkoloni ilianza kuhimiza vichaka vifyekwe ili mbung'o wakose pa kuishi, na watu walitoka kwa maelfu na mashoka. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaingia na kudai mashamba mapya kila mwaka. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Sitaki kuilaumu kwa kila kitu, maana shule niliyofundisha ilizaliwa nayo. Lakini kaya zilipohamishwa kwenda kukaa pamoja, ngitili za ukoo ziliachwa nyuma bila mwenyewe, na jambo lisilo na mwenyewe halimalizi misimu miwili. Kufikia miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliutaja mkoa huu kuwa jangwa la Tanzania. Mama yangu alikuwa akiondoka kabla ya jua kutafuta kuni na kurudi wakati sisi tumeshatoka shule. Mara nyingi alirudi na mabua ya pamba na samadi kavu. Samadi! Kitu kilichopaswa kwenda shambani kilikuwa kinachemsha uji.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway, na baadaye watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF wakaungana nao. Nakumbuka miaka yake ya kwanza kwa sababu wanafunzi wangu walibeba maji ya vitalu vya miche. Tulipanda miti iliyotoka mbali, tukaimwagilia kwa kopo, na mingi tuliizika wenyewe kwa mikono ileile. Mchwa walikula, mbuzi wakala, ukame ukamalizia. Jambo liligeuka pale wataalamu walipokaa na wazee na kuuliza zamani mlifanyaje. Wazee wakajibu: tulifunga.

Naliona jibu hilo mpaka leo. Chini ya ardhi iliyoonekana imekufa kulikuwa na mizizi ya migunga na ya miti mingine mingi, imekatwa juu ila haijafa chini. Kila mwaka ilichipua, na kila mwaka mbuzi na jembe viliirudisha. Baba alipofunga ekari zake kumi na mbili juu kwenye luseni, ule udongo wa kichanga, palepale penye mteremko, majirani walimcheka kwamba analinda mchanga. Baada ya masika mawili kulikuwa na majani ya kufika goti. Baada ya matano tulikuwa tunaokota kuni pembeni mwa ngitili yetu wenyewe, na mama akaacha kuondoka alfajiri. Samadi ikarudi shambani. Kile kisima cha bondeni, ambacho kilikuwa kinakauka Agosti, kikaanza kufika Oktoba.

Hesabu za mkoa mzima zilikuwa kubwa kuliko hesabu za baba. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana kubaki zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji 833, wakati huo mkoa ukiwa bado umejumuisha maeneo ambayo tangu 2012 ni mkoa wa Simiyu. Mwaka 2002, kule Johannesburg, HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba faida ya ngitili, ukijumlisha kuni, malisho, asali, dawa, nyasi za kuezekea na matunda, ilikuwa dola 14 za Kimarekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Pesa hizo hazikupita benki, ndiyo maana hakuna aliyezililia zilipoanza kupotea.

Ndugu zangu, zinapotea. Sisemi kwa kusikia.

Baba alifariki na kuacha wana watano wa kiume na sisi mabinti watatu. Kikao cha ukoo kiligawa ekari kumi na mbili kwa watano. Sisi hatukuulizwa. Kila kaka alipata kipande ambacho peke yake hakiwezi kuwa ngitili, kwa sababu ekari mbili na kidogo ng'ombe kumi wanazimaliza kwa siku chache. Wa kwanza alichoma mkaa ili alipe ada ya mtoto, nami namwelewa. Wa pili akasafisha kipande chake kwa trekta la kukodi apande alizeti. Wa tatu aliuza kwa mtu wa mjini ambaye hatujawahi kumwona. Wawili waliobaki walijitahidi kufunga, lakini mifugo ilipita kwenye vipande vya wenzao na kuingia kwao, nao wakachoka. Kazi iliyochukua miaka ishirini ilikwisha kwa misimu mitatu. Leo ukisimama pale mvua inaponyesha unaona maji mekundu yakishuka kwenda kujaza udongo kwenye majaruba ya mpunga ya jirani yetu wa chini, mtu ambaye hakukata hata ufito mmoja.

Nawasimulia mambo ya nyumbani kwangu kwa sababu najua ndiyo yaliyo nyumbani kwenu. Na ngitili ya kijiji? Katika kijiji kimoja ninachokifahamu vizuri, ambacho sitakitaja, ngitili ya jamii ilifunguliwa mapema mwezi wa sita kwa kundi la ng'ombe kutoka nje. Malipo yalifanyika. Stakabadhi haikuonekana, na katika mkutano mkuu uliofuata ajenda hiyo haikuwamo. Kabla ya mwaka kwisha wanakijiji wenyewe walikuwa wanaingiza mifugo usiku. Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini anaharibu mali yake mwenyewe. Aliniambia, "Mwalimu, ingekuwa yangu ningesomewa mapato yake." Sikuwa na la kumjibu.

Ndiyo maana barua hii imekuja kwenu, wala sikuipeleka kwa wafadhili. Miche inaweza kuletwa na yeyote. Kufunga eneo na likafungika kunahitaji watu wakubaliane na wakubaliane tena kila mwaka, na mwenye mamlaka ya kuitisha makubaliano hayo kijijini ni mwenyekiti. Kondoa walijaribu njia nyingine. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mifugo iliondolewa kwa amri katika vilima vilivyomomonyoka vya Irangi. Ardhi ilipona, hilo halina ubishi, na wataalamu walienda kuitazama. Lakini waliokuwa na ng'ombe walilazimika kuwaondoa, na uchungu huo ulikaa. Sisi tulipona tukiwa na ng'ombe wetu. Sijui jambo lingine ambalo mkoa huu ungeweza kujivunia zaidi ya hilo.

Sheria iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu uzijadili, kisha ziende halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya kijiji na ile ya vikundi vya jamii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kubeba majina ya watu kadhaa kwa pamoja. Hapo ndipo ninapotaka mpaangalie sana. Ngitili ya ukoo haina lazima ya kukatwa mafungu mzee anapoondoka. Inaweza kuandikwa kwa jina la watoto wote, ikabaki kipande kimoja ardhini, na kinachogawanywa kikawa ni zamu ya malisho, kuni, asali na fedha za nyasi. Mkiwa mnasimamia mirathi na mauziano, na mnajua kuwa mwenyekiti huitwa kwenye kila kikao cha aina hiyo, waambieni wanaukoo njia hii ipo kabla hawajafunga kamba ya kupimia. Dakika kumi za maneno yenu zingeokoa ekari kumi na mbili za baba yangu.

Na watoto wote maana yake ni wote. Sheria hiyohiyo ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Sililii fungu langu, umri wangu umekwenda. Ninachosema ni kwamba sisi mabinti watatu ndio tuliokuwa tukiingia ngitilini kila siku: kuni, matonga, ukwaju, mlenda wa pori, mizizi ya dawa ya tumbo ambayo mama alitufundisha kuchimba upande mmoja tu ili mti usife. Wanaume waliigawa kama malisho kwa kuwa walichokijua ni malisho. Kamati ya ngitili isiyo na wanawake itafanya kosa hilo tena, tena kwa nia njema kabisa.

Kuhusu faini na ulinzi nina neno la tahadhari. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na walinzi wa sungusungu ndio waliozilinda ngitili wakati HASHI ilipokuwa changa, na bila wao hakuna tuzo ingepatikana. Mahali ambapo wazee bado wanasikilizwa, waketisheni mbele. Ila kiasi cha faini kiandikwe katika sheria ndogo, kipokewe kwa stakabadhi, kisomwe mkutanoni, na kiwe sawa kwa ng'ombe wa mwenyekiti na kwa mbuzi wa mjane. Nimewahi kuona adhabu ikimwangukia mama aliyeokota kuni kavu huku aliyejaza lori la mkaa akipita mchana. Uonevu wa namna hiyo unaimaliza ngitili haraka kuliko shoka, kwa sababu siku ya pili watu wanaacha kutoa taarifa.

Sasa niingie shambani, maana ngitili peke yake haitatulisha. Kilichofanyika juu ya kilima kinaweza kufanyika katikati ya mahindi na mtama. Wenzetu wa Dodoma wanakiita kisiki hai. Mkulima anatembea shambani kwake, anatafuta visiki vinavyochipua, anachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, anapogoa mengine, na anafunga kitambaa ili anayepalilia aone. Mizizi iko tayari chini, kwa hiyo mti unakua bila kumwagiliwa. Huko Niger, kuanzia miaka ya 1980, wakulima wa Maradi na majirani zao wameotesha hivyo miti kwenye mamilioni ya hekta za mashamba, nao wana mvua chache kuliko sisi.

Najua mtakachoambiwa mkilisema hili: miti inazuia plau, na ndege watajaa kwenye mtama. Ni kweli, visiki vilivyotapakaa ovyo ni kero. Chagueni vilivyoko kwenye mipaka na kwenye mistari ya makinga maji, plau ipite katikati. Kwenye ibambasi, ule udongo mgumu usionyonya maji, msipoteze nguvu kupanda mahindi kila mwaka na kulia kila mwaka. Fungeni pale, au chimbeni mitaro na matuta yashike maji mpaka majani yarudi. Mbuga nyeusi ya bondeni iachiwe mpunga na dengu, kama wakulima wetu wanavyojua vizuri, kwani dengu inakua kwa unyevu uliobaki mvua zikishakatika. Babu zetu waliupa kila udongo jina lake kuanzia kilimani hadi bondeni kwa sababu kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Mpango wa matumizi bora ya ardhi unaodaiwa na wilaya ungeanza na majina hayo, ungeeleweka na kila mtu siku ya kwanza.

Nguvu kazi mnayo. Katika vijiji vingi bado kuna makundi ya kulima kwa zamu, yenye nsumba ntale wao, yaani kiongozi wa vijana, yanayoingia shambani kwa ngoma na kumaliza ekari kabla ya saa nne. Makundi hayo hukodiwa kulima pamba. Yakodiwe na kijiji, kwa fedha ya ngitili ya kijiji, kuchimba makinga maji kwenye miteremko na kupanda minyaa kwenye mipaka ya ngitili. Minyaa hailiwi na ng'ombe, haigharimu kitu zaidi ya kukata tawi na kulichomeka, na mpaka uliopandwa minyaa hausogei usiku. Vijana wakipata ujira wa kulinda, watalinda.

Kuna jambo moja linaloniuma ambalo halimo katika ripoti yoyote niliyoisoma. Ng'ombe wanapokosa majani Oktoba, vijana wetu wanaondoka nao. Wamekwenda Usangu, na mwaka 2006 wakafukuzwa huko. Wakashuka Kilombero, Rufiji, Lindi. Kila wanapofika wanaitwa wavamizi, na mara nyingine damu imemwagika kati yao na wakulima wa huko, watu maskini kama wao. Mwanangu mmoja aliondoka na ng'ombe thelathini na wawili. Ananipigia simu kutoka mahali ambapo jina lake linabadilika kila baada ya miaka michache. Hakuondoka kwa kupenda kutangatanga. Aliondoka mwaka ule ambao kaka zangu walimaliza kipande cha mwisho.

Waheshimiwa, mvua bado hazijafika. Muda wa kufunga ni sasa, kabla ya majani ya kwanza. Itisheni mkutano mkuu kabla ya mwisho wa Novemba. Someni mapato na matumizi ya ngitili ya kijiji tangu siku mliyokabidhiwa ofisi, hata kama ni sifuri, hata kama aliyewatangulia hakuacha kitabu. Tembeeni mpakani na wananchi, mchana, wote waone mawe yako wapi. Andikeni tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua, na nani ataingia kwanza, na bei gani kwa mgeni. Rasimu ya sheria ndogo ipelekeni wilayani hata ikiwa imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule. Kama kuna anayehitaji mtu wa kumwandikia, mimi nimefundisha kuandika kwa miaka thelathini na minne na sitadai hata nauli.

Kaka zangu wawili waliobaki na vipande vyao walikubali wiki iliyopita viunganishwe tena, vikiwa na majina yetu yote wanane kwenye hati moja, pamoja na jina la yule aliyeuza, ili watoto wake wapate pa kuingiza ndama. Ni ekari tano kasoro kidogo. Mwenyekiti wetu amesema atakuja Jumamosi kushuhudia mipaka. Mimi nitakuwepo tangu saa kumi na mbili asubuhi na matawi ya minyaa niliyoyakata uani kwangu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Kishapu